Sauti Uliyompa Maduhu

Kinampanda
12 Februari 2023

Mdogo wangu Sostenes,

Hujambo huko Singida mjini? Sisi tupo, tunasukuma siku. Mama anakusalimu. Miguu yake imevimba tena, na ukimuuliza anasema viatu vinambana, wakati siku hizi anatembea peku. Mvua ilikuja wiki moja ikatuaga, na alizeti zimesimama kimo cha goti. Mwanangu Witness ameanza darasa la kwanza, anaandika jina lake kwa mkaa kwenye kila ukuta uliopakwa chokaa. Mbuzi wawili wamezaa.

Unashangaa kuona dada yako anaandika karatasi kama watu wa zamani. Namba yako haipatikani tangu katikati ya Januari, na simu yangu na ya mume wangu Maduhu ziko polisi. Barua hii nimempa Paulo, konda wa basi, akuletee dukani kwa Othmani. Najua habari umezisikia, lakini nakueleza mwenyewe, usije ukasema hukuambiwa.

Tarehe nane Januari usiku watu waliingia kwenye duara la Mzee Clement, lile shimo lake la dhahabu kule Sekenke. Wakabeba viroba vya mawe ya dhahabu na wakamuua mlinzi, Christopher. Wachimbaji wawili waliojificha nyuma ya karasha la kusagia mawe wanasema walisikia majambazi wakimwita mwenzao "Bosi Maduhu." Basi, imetosha. Siku tatu baadaye mume wangu yuko zizini anakamua, wakaja vijana zaidi ya thelathini na fimbo, wanaimba "Bosi Maduhu! Bosi Maduhu!" Polisi waliwahi, wakamchukua wao. Usiku wa tukio Maduhu alikuwa hapa, ng'ombe alikuwa anazaa vibaya, na mimi ndiye niliyeshika taa. Nimesema hivyo kituoni. Wameniambia mke lazima aseme hivyo.

Sosi, mimi na wewe tunajua jina hilo limetoka wapi. Limetoka kinywani mwako. Ni wewe uliyekaa kwenye kile kibanda umiza cha kuonyeshea video pale Sekenke na maiki mkononi, ukiwatafsiria wachimbaji movi za magenge. Jambazi mkuu ukambatiza Bosi Maduhu, ukamfanya aongee kama Msukuma wa porini, watu wakadondoka kwenye mabenchi kwa kicheko. Othmani akarekodi, akauza kwenye memori kadi mkoa mzima. Sasa kila kijana wa machimboni akitaka kumtisha mwenzake anajiita Bosi Maduhu. Hao majambazi walikuwa wanaitana jina la movi!

Ninachotaka ni kitu kimoja tu. Njoo, uende kituoni, uandikishe maelezo kwamba jina ulilitunga wewe, kwa utani, na mwenye jina ni shemeji yako mchunga ng'ombe. Kesi ya mauaji haina dhamana. Usipokuja wewe hakuna mwingine wa kusema neno hilo.

Mimi dada yako,
Damari

*

Singida mjini
20 Machi 2023

Dada Damari, shikamoo.

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara tatu. Mwambie mama apake mafuta ya nyonyo miguuni. Mimi ni mzima kiasi, ila tumbo linanisumbua, na kazi ni nyingi mno. Othmani amenunua mashine mpya za kurekodia, haniachi nipumue. Namba nilibadilisha kwa sababu zangu.

Dada, pole sana kwa ya shemeji. Nimeumia kuliko unavyodhani. Lakini naomba uielewe kazi yangu kabla hujanilaumu, maana watu wanadhani kutafsiri movi ni kupiga kelele.

Movi zilizopendwa Sekenke ni mbili. Ya kwanza ni ya zamani sana. Kuna watu wamehama kutoka kisiwa chao maskini, wamekwenda mji mkubwa wa wenzao. Wenyeji wanawaona wachafu, kazi hawawapi, polisi wanawapiga makofi njiani. Ndipo wanaanza genge. Humo jambazi anaonekana ana mama, ana kanisa, ana shamba la nyanya nyuma ya nyumba. Akiua, unamwonea huruma. Ya pili ni mji ule ule, miaka mingi baadaye. Wale wa kwanza sasa wameshiba, wana majumba. Genge baya sasa ni la wageni wapya, kutoka nchi nyingine ya joto. Hao hawaelezwi. Mlango unafunguliwa, wameingia na bunduki, wanatukana, wanakufa. Nilishangaa mwenyewe, Dada, kwamba watu walioonewa kwenye movi ya kwanza ndio wanaoonea wengine kwenye movi ya pili, na mtengenezaji wala haoni aibu. Nilitaka hata kuwaambia wachimbaji jambo hilo, lakini ukianza kuhubiri kwenye kibanda wanakurushia maganda ya karanga.

Basi kazi yangu ni kuwapa majina, watu wajione. Jina la Maduhu ni utani mtupu. Sisi Wanyiramba na Wasukuma ni watani tangu enzi na enzi, utaniambia nini? Na shemeji mwenyewe aliridhia. Alikuja kibandani akakaa benchi la mbele, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akaniambia, "Mtumwa wangu, umefanya vizuri. Hata kwenye movi mimi ndiye bosi wenu." Mbele za watu alisema hivyo. Sasa kosa langu liko wapi?

Nitakuja baada ya Pasaka. Kituoni tutaenda pamoja.

Mdogo wako,
Sosi

*

Kinampanda
2 Juni 2023

Sostenes,

Salamu za mama hizo hapo. Mafuta ya nyonyo amepaka, mguu umebaki vilevile. Alizeti tumevuna magunia manne, mwaka jana yalikuwa kumi na moja. Dada Flora amejifungua mtoto wa kike.

Pasaka ilikuja, ikapita, na wewe hukuonekana. Pentekoste nayo imepita. Mama alikuwa akiweka sahani yako, mara ya pili nikaiondoa mwenyewe.

Nimekwenda kwa Flora, mume wake ana deki na jenereta. Nimekaa chini kwenye mkeka nikaziangalia hizo movi zako mbili, moja baada ya nyingine, mimi ambaye sijawahi kumaliza movi bila kusinzia. Nilitaka nione hiyo kazi ninayoambiwa siielewi.

Ya kwanza, yule mzee wa genge umemwita Mzee Kitundu. Umempa jina la baba yetu. Umempa na kikohozi chake, na ile tabia ya kusema "sikilizeni nyie" kabla ya kila neno. Nililia, Sosi. Nilimsikia baba kabisa. Mke wake umempa maneno ya mama, watoto wake wanasema shikamoo, na akiua mtu unatueleza kwamba alinyang'anywa shamba, alionewa, afanyeje. Hata Flora alisema maskini, ana haki.

Halafu ikaja ya pili. Wale wanaoingia mlangoni na bunduki, wasio na mama, wasio na shamba la nyanya, ambao uliniandikia ulishangaa kwa nini hawaelezwi. Hao ndio uliowapa Usukuma. Huyo asiyeliliwa na mtu ndiye uliyempa jina la mume wangu. Uliliona kosa la yule mtengenezaji, ukaliona vizuri sana, kisha ukakaa na maiki ukalirudia neno kwa neno. Baba ukampa nyumba, Maduhu ukampa bunduki.

Na usiniambie utani. Utani naujua. Alipozikwa baba, nani aliruka kaburini? Maduhu. Alilala chali mle ndani na suruali yake ya harusi, akasema Mnyiramba huyu hazikwi, ni mtumwa wangu, nipeni kuku kwanza. Mama alikuwa hajala siku mbili, akacheka, akaenda kumkamata kuku mwenyewe. Huo ndio utani, mtu anakutukana huku amekushika mkono. Wewe ulimtania Maduhu mbele ya watu wasiomjua, halafu ukaondoka, sauti ikabaki.

Hata mimi nilicheka siku ile ya kwanza uliponisikilizisha kwenye simu. Hiyo ni aibu yangu, siisahau.

Kesi inatajwa kila baada ya wiki mbili. Wanasema upelelezi haujakamilika, tunarudi. Maduhu amekonda, ana kikohozi kibaya. Njoo.

Damari

*

Singida mjini
28 Agosti 2023

Dada, shikamoo.

Natumaini mama hajambo. Mimi bado tumbo. Nimempa Paulo sukari kilo mbili na vitenge, kimoja cha mama, kimoja chako, cha Witness ni gauni.

Uliyoyasema kuhusu movi ni kweli. Nilikuwa natafuta kicheko tu, na Usukuma unachekesha haraka kuliko kitu kingine. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nilimwomba Othmani aache kuuza ile kadi. Amesema akiacha yeye watauza wengine, na kweli zimeshanakiliwa kila mahali. Juzi nimepita stendi nikasikia sauti yangu kwenye kibanda cha kunyoa, nikageuza njia.

Nina swali. Je, majina ya mashahidi wa upande wa polisi wamekwisha kuwasomea? Na shemeji amesema lolote kuhusu mimi? Nataka kujua tu.

Nitakuja kazi ikipungua.

Sosi

*

Kinampanda
11 Novemba 2023

Sostenes,

Vitenge vimefika. Mama amekikunja chake akakiweka chini ya godoro, anasema atakivaa ukija.

Hapa maziwa yangu hayanunuliwi tena. Wanawake wanapita na vikombe vyao, wanakwenda mpaka ng'ambo ya mto kwa mtu anayechanganya na maji. Ng'ombe nimebakiwa na watatu. Ndugu za Maduhu kutoka Meatu walikuja mara moja kumwona, wakarushiwa mawe pale senta, hawajarudi. Wanasema Wasukuma wote wa machimboni ni genge. Watu waliokula harusini kwangu ndio wanaosema hivyo. Witness watoto wanamwita mtoto wa bosi. Mwanzoni alifurahi, alidhani ni sifa.

Swali lako nimelishangaa. Kwa nini unauliza habari za mashahidi? Mashahidi ni wale wawili wa nyuma ya karasha. Yupo mwingine?

Na Maduhu, kama unataka kujua, kila nikienda kumwona anakuulizia. "Mtumwa wangu yuko wapi? Mwambie bosi amechoka kula maharage." Nikimwambia hutaki kuja, ananikemea. Anasema labda huna ruhusa kazini. Anakutetea, Sosi! Amekaa kwenye chumba wanacholala ubavuubavu, anatema makohozi kwenye kitambaa, na anakutetea.

Siombi mara nyingine. Barua hii ndiyo ya mwisho ya kuomba.

Damari

*

Kinampanda
21 Februari 2024

Sostenes,

Mama ni mzima, haamki sana. Mvua mwaka huu ni nyingi, mahindi yameoza chini.

Tarehe kumi na tisa kesi ilipelekwa ngazi ya Mahakama Kuu, na kabla haijapelekwa maelezo ya mashahidi yalisomwa. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma na Flora. Alisomwa wa kwanza, akasomwa wa pili, wale wa karasha. Kisha karani akasoma, "Shahidi wa tatu, Sostenes Kitundu, umri miaka ishirini na tisa, Mnyiramba, Mkristo."

Mungu wangu, nilifurahi. Nikamshika Flora mkono, nikamwambia kumbe alikuja, kumbe alikuja na hakutuambia. Nilishaanza kukuombea msamaha kwa yote niliyokuandikia.

Karani akaendelea. "Mshtakiwa ni shemeji yangu. Aliniambia mwenyewe, mbele za watu, kwamba yeye ndiye bosi wetu." Tarehe ya maelezo, kumi Januari elfu mbili na ishirini na tatu.

Siku moja kabla vijana hawajaja na fimbo. Barua zote nilizokuandikia, na wewe ulizoniandikia, maelezo yako yalikuwa tayari kwenye faili.

Unataka kujua Maduhu alifanya nini? Alicheka. Alicheka kwa sauti, akakohoa, mpaka hakimu akamwuliza kama anaona mahakama ni mchezo. Akasema, "Samahani mheshimiwa, huyo ni mtani wangu." Hakuna mwingine aliyecheka. Wakati wanamtoa alinigeukia akasema, "Mwambie nikifa asikose. Kaburi langu aruke yeye."

D.

*

Singida mjini
10 Machi 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui kama utaifungua hii.

Walinichukua tarehe kumi ile ya Januari mwaka jana, asubuhi, kibandani. Walikuwa na ile memori kadi. Wakaiwasha kwenye simu, wakaniuliza, hii sauti ya nani? Nikasema yangu. Wakasema basi wewe unamjua Bosi Maduhu, tuambie ni nani, au wewe ndiye mwenyewe. Niliwaambia ni movi. Wakaniambia movi ya Wazungu ina Maduhu gani? Waliniweka mpaka jioni. Hawakunipiga, Dada, nisiseme uongo. Niliogopa tu. Wakauliza, kuna mtu anaitwa Maduhu unamfahamu? Nikasema ni shemeji. Amewahi kujiita bosi? Nikawaambia yale ya kibandani, na nilieleza ni utani, naapa nilieleza. Aliyekuwa anaandika alisema neno utani haliandikwi kwenye maelezo. Akanisomea, nikasaini, wakanipa maji ya kunywa, nikaja mjini siku hiyohiyo.

Nilidhani watamhoji wamwachie. Halafu ukaniandikia nije nikaseme jina ni langu. Nikirudi kubadilisha maneno, watasema nilidanganya mwanzo au nadanganya sasa, na mimi ndiye mwenye sauti. Kila siku nilisema kesho.

Ile siku niliyokuandikia habari za movi, kwamba watu wa genge la pili hawaelezwi, nilikuwa najua tayari nilichomfanyia shemeji.

Nimepata mwanasheria wa kanisa. Amesema naweza kuandika kiapo kueleza ukweli wote. Nakuja. Safari hii nakuja kweli, kabla ya Mei kwisha. Mwambie shemeji avumilie, mtumwa wake anakuja.

Mdogo wako asiyefaa,
Sostenes

*

Kinampanda
19 Mei 2024

Sostenes,

Maduhu amefariki tarehe kumi na mbili, hospitalini, kwa kifua. Walinikabidhi mwili na karatasi ya kusema kesi imefutwa kwa sababu mshtakiwa amekufa. Sio kwamba hakuua, ni kwamba amekufa. Hapa kijijini atabaki alivyo.

Nilimtuma Paulo dukani kwa Othmani siku ileile. Alikukuta. Alikwambia mazishi ni Jumanne saa nane, na ukamjibu umesikia.

Tulimzika nyuma ya zizi, Meatu ni mbali na barabara imekatika. Watu walikuwa kumi na wanne, nimewahesabu. Mchungaji alimaliza mapema. Ndugu zake wawili walisimama na kamba, na kuku nilikuwa nimemfunga miguu tayari, yule jogoo mwekundu, kwa ajili ya mtani. Nikasema tusubiri. Saa tisa nikasema tusubiri. Wanyiramba waliokuwepo wangeweza kuruka mmoja wao, wako watani tele, lakini kila mmoja aliangalia viatu vyake. Walimwogopa hata akiwa kwenye sanduku.

Saa kumi mama alitoka ndani. Amevaa kitenge chako. Alishika bega la Flora, akasogea mpaka ukingoni na ile miguu yake, akataka kushuka yeye. Tulimzuia. Akasema, "Basi mshusheni, huyu mtoto amesubiri vya kutosha." Akashushwa. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyedai kitu.

Jogoo nimemfungua. Mama hakuulizii tena. Usilete sukari.

Damari